Jinsi ya kuhariri makala za reli za zamani kwenye Wikipedia bila kazi yako kufutwa

Wapenzi wa reli za zamani tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, na wengi wetu tunajua mambo ambayo kwenye Wikipedia hayajaandikwa kabisa au yameandikwa vibaya. Sasa shida inakuja hapa, mtu anaingia na moto wake wote, anaandika aya tano usiku mmoja, asubuhi anakuta zimefutwa zote, ananuna, anaondoka na harudi tena. Inaniuma kila nikiona hivo maana mara nyingi alichoandika kilikuwa kweli kabisa. Hakikufutwa kwa sababu ni uongo, kilifutwa kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kukihakiki. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye vitufe na vigezo shika hili moja: makala ya reli karibu yote ni tarehe, namba na majina, na kila kimoja kinatakiwa kijibu maswali mawili, hiki ni nini hasa, na umekitoa wapi. Ukiyazoea hayo maswali mawili, mengine utajifunza mbele kwa mbele.

Akaunti fungua. Sehemu nyingi unaweza kuhariri bila akaunti ila na akaunti unapata orodha ya maangalizi, yaani ukurasa unaokuonyesha nani kabadilisha nini kwenye makala unazozifuatilia, na watu wanaanza kukujua kwa kazi yako. Jina la akaunti liwe la mtu, lisiwe la kampuni wala chama cha kuhifadhi reli, hayo huwa yanafungiwa. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza akaunti mpya inabidi ifikishe siku 4 na mahariri 10 ndo iruhusiwe kuanzisha makala yenyewe moja kwa moja, kabla ya hapo unaandika rasimu inakaguliwa kwanza. Wikipedia ya Kiswahili jamii yake ni ndogo, wanaokagua ni watu wachache sana wanaojitolea kama wewe, kwa hiyo ukiwaachia makala mbovu umewaongezea mzigo watu ambao tayari wana mzigo.

Na usianze na makala mpya. Najua ndo hamu ya kila mtu, kuona "makala yangu", lakini chukua reli moja unayoijua, soma makala yake mwanzo hadi mwisho kama mtu asiyejua chochote, alafu ingia kwenye historia ya ukurasa na ukurasa wa majadiliano uone wenzako walishabishana nini. Kuna sentensi utazikuta hazina rejeo lolote, yaani hazisemi zimetolewa kitabu au gazeti gani. Tafuta moja ambayo una kitabu chake mkononi, weka rejeo, basi. Kazi hiyo haina sifa, hakuna atakayekupigia makofi, ila kwa maoni yangu ndo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye makala za reli, maana sentensi yenye rejeo inadumu miaka na isiyo na rejeo inaishi kwa huruma ya mpita njia.

Namna ya kuweka iko hivi. Unabonyeza Hariri, unaweka kishale mwisho wa sentensi baada ya nukta, unabonyeza kitufe cha kuweka rejeo. Kama kitabu kina ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) unaibandika pale na mara nyingi kinajijaza chenyewe, jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji. Hapo watu wengi wanadhani wamemaliza. Hujamaliza, weka namba ya ukurasa. Kitabu cha historia ya reli kinaweza kuwa na kurasa 300 na mtu anayetaka kuhakiki tarehe moja hawezi kusoma zote. Alafu kabla ya kuhifadhi kuna kisanduku cha muhtasari, usikiache kitupu, andika kitu kama "nimeongeza rejeo la tarehe ya kufunguliwa, uk. 84". Hariri yenye muhtasari unaoeleweka hata mkaguzi akiwa amechoka anaipitisha, ila hariri ya mtu mpya isiyo na neno lolote na imebadilisha mwaka peke yake, hiyo inarudishwa, yaani inafutwa makala irudi ilivyokuwa, bila hata kusomwa, na siwezi kuwalaumu sana kwa sababu kubadilisha miaka kimyakimya ni uharibifu wa kila siku kule.

Tukae kwenye tarehe kidogo maana ndo kwenye vita vingi. Mtu akisema reli "ilianza" mwaka fulani, ilianza nini? Kuna tarehe sheria au kibali kilipopita, tarehe kampuni ilipoandikishwa, ujenzi ulipoanza, reli ilipofika mwisho wa safari, treni ya kwanza ya mizigo, treni ya kwanza ya abiria, na sherehe yenye bendi na viongozi ambayo saa ingine ilifanyika wiki kadhaa baada ya treni kuanza kutembea. Angalia reli ya Ffestiniog kule Wales. Sheria yake ilipita 1832, ikafunguliwa 1836, ikafungwa 1946, ikaanza kurudi kubeba abiria 1955 kwa kazi ya watu wa kujitolea. Aliyeandika 1832 na aliyeandika 1836 wote wako sawa, na wakianza kubadilishiana kwenye makala watabadilishiana mpaka wafungiwe wote wawili, wakati dawa yake ni maneno machache tu: "iliidhinishwa kwa sheria ya 1832, ikafunguliwa 1836". Ukikuta ugomvi wa miaka miwili kwenye makala yoyote ya reli, kabla hujachagua upande jiulize kama hii si miaka ya matukio mawili tofauti. Mara nyingi sana ndo hivo.

Kufungwa nako kuna mtego wake. Uingereza ilikuwa kawaida tarehe rasmi ya kufunga reli iwe Jumatatu, kumbe treni ya mwisho ilishapita Jumamosi au Jumapili. Reli ya Somerset and Dorset tarehe yake rasmi ya kufungwa ni 7 Machi 1966, ambayo ni Jumatatu, na treni za mwisho za abiria zilitembea wikiendi iliyotangulia. Sasa mtu ana picha ya treni ya mwisho imeandikwa tarehe 6 nyuma yake, anaona makala inasema 7, anasahihisha, mwenzake mwenye kitabu cha tarehe rasmi anarudisha. Andika zote mbili na useme ipi ni ipi. Na "kufungwa" pia kwa nani? Kuna reli zilizoacha kubeba abiria na mizigo ikaendelea kupita miaka mingi tu, kwa hiyo "ilifungwa 1966" peke yake haitoshi, sema ilifungwa kwa abiria, na kama unajua ya mizigo ongeza.

Ukishughulika na Urusi ya zamani kuna kitu kingine tena, kalenda. Reli ya Tsarskoye Selo, ya kwanza kwa umma nchini humo, ilifunguliwa 30 Oktoba 1837 kwa kalenda yao ya wakati ule, ambayo kwetu ni 11 Novemba. Karne ya 19 tofauti ilikuwa siku 12, baada ya 1900 ikawa 13 mpaka walipobadilisha kalenda 1918. Kwa hiyo vyanzo viwili vikitofautiana kwa siku 12 au 13 hasa, jibu unalo tayari.

Namba sasa. Upana wa reli, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya njia, ndo namba inayochezewa kuliko zote kwa sababu zinakaribiana na kwa macho huwezi kuzitofautisha kwenye picha. Milimita 1,000 ni mita moja kamili, 1,067 ndo ile inayotumika kusini mwa Afrika, 1,050 ndo ya reli ya Hejaz iliyotoka Damascus kwenda Madina, na 1,435 ndo ile wanayoiita ya kimataifa. Mtu anaona 1,050 anasema hii lazima walikosea kuandika, anaweka 1,067, hapo ameharibu makala kwa nia njema. Au chukua TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, upana wake ni 1,067, na Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam 1905 mpaka Kigoma 1914 ni 1,000. Nchi moja, upana mbili, behewa la huku haliwezi kupita kule. Ukija na wazo kwamba reli zote za zamani za nchi moja ni sawa utapotosha watu. Alafu upana hubadilika na wakati: kampuni ya reli ya Great Western ya Uingereza ilianza na upana wa milimita 2,140 na kipande cha mwisho cha upana huo kilibadilishwa Mei 1892. Kwenye kile kisanduku cha pembeni mwa makala chenye taarifa za reli kwa ufupi, weka upana pamoja na miaka yake, usiweke ule wa mwisho tu ukaacha wa mwanzo upotee.

Urefu nao uangalie kwa makini hasa ukitumia vyanzo vya Uingereza, maana kule vipimo vya reli viliandikwa kwa maili na cheni, na maili moja ina cheni 80. Ukikuta "5.40" kwenye kitabu cha zamani inaweza isiwe maili tano nukta nne. Inaweza kuwa maili 5 na cheni 40, yaani maili tano na nusu, ambayo ni kilomita 8.85. Ukiisoma kama desimali unapata 8.69, na hapo stesheni umeisogeza karibu mita 160 kutoka pale ilipo. Angalia kurasa za mwanzo za kitabu, huwa wanaeleza wametumia mtindo gani. Na kama kawaida uliza urefu wa nini, wa njia kuu peke yake au na matawi, wa siku ya kufunguliwa au wa leo.

Kuna neno moja nakuomba uliogope: "ya kwanza". Reli ya kwanza duniani, ukilitafuta utapata majibu mengi na kila moja lina watu wake. Injini ya mvuke ya mhandisi Trevithick ilivuta mzigo juu ya reli kule Penydarren, Wales, Februari 1804. Reli ya Middleton kule Leeds, Uingereza, ilipata sheria yake 1758 na ikatumia injini za mvuke kibiashara kuanzia 1812. Reli ya Swansea na Mumbles ilibeba abiria wa kulipa nauli 1807, wakivutwa na farasi. Stockton and Darlington ilifunguliwa 27 Septemba 1825 kwa treni ya mvuke, ila miaka ya mwanzo abiria wa kila siku walikuwa kwenye magari ya farasi juu ya reli hiyohiyo. Liverpool and Manchester 15 Septemba 1830 ikaunganisha miji miwili mikubwa, kwa ratiba, kwa injini za mvuke. Zote ni "ya kwanza" kwa kitu fulani. Kwa hiyo ukitaka kuandika "ya kwanza" malizia sentensi, ya kwanza kufanya nini, wapi, na nani amesema hivo, na kama huwezi kuimalizia basi liache hilo neno. Makala haitapungukiwa kitu.

Majina yanataka akili ya kipekee. Kampuni, njia na stesheni ni vitu vitatu na mara nyingi vinastahili makala tatu. Kampuni inaweza kufa na njia ikabaki, njia ikafa na jengo la stesheni likabaki limekuwa maktaba. Great Western ya zamani iliisha reli za Uingereza zilipotaifishwa mwanzoni mwa 1948, lakini tangu 2015 kuna mwendeshaji wa treni wa leo anayetumia jina hilohilo, kwa hiyo ukiandika habari za karne ya 19 alafu linki yako ikaenda kwa huyu wa leo, msomaji amepotea. Kila linki unayoweka ibonyeze mwenyewe uone inaenda wapi. Mahali pia hivohivo, reli ya kuvuka bara Marekani iliungana Promontory Summit 10 Mei 1869 na mpaka leo watu wanaandika Promontory Point, ambapo ni sehemu nyingine kabisa huko huko Utah.

Na mipaka. Hapa kwa reli za Afrika ndo watu wengi wanateleza. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Mtu anaandika "ilifika Kisumu, Kenya, mwaka 1901". Kwanza koloni la Kenya kwa jina hilo ni la 1920, wakati ule kulikuwa na himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Pili, Kisumu yenyewe 1901 ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda, jimbo lake la mashariki lilihamishwa 1902. Kwa hiyo wale wanaosema kwa kebehi kwamba reli ya Uganda haikufika Uganda hawajaangalia ramani ya mwaka ule. Njia salama ni kuandika "Kisumu, katika Kenya ya leo", na kama makala inahusu historia ya mpaka, eleza na hilo la 1902 na rejeo lake.

Tuje kwenye vyanzo. Kinachotafutwa ni kitu kilichochapishwa na mtu mwingine mwenye sababu ya kuaminika, vitabu vya wanahistoria, majarida ya reli, tafiti za vyuo, magazeti. Vitabu vya wapenzi wa reli vingi ni vizuri sana kwa undani, wengine wanajua namba ya kila injini, lakini angalia mwandishi ametaja alikotoa au anasimulia tu. Kitabu cha kampuni kusherehekea miaka yake 50 kitumie kwa tarehe na takwimu, usikitumie kuamua kama kampuni ilikuwa nzuri. Tovuti za mashabiki hata ziwe nzuri vipi kwa kawaida hazikubaliki kama rejeo, ila zitumie kama dira, angalia zenyewe zimenukuu kitabu gani alafu kitafute hicho kitabu. Vingi vilivyotoka kwenye hakimiliki viko bure kwenye maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust. Magazeti ya zamani yako bure pia, Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand, Chronicling America ya maktaba ya bunge la Marekani. Kwa ramani za zamani za Uingereza maktaba ya taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni na unaweza kuzilinganisha na picha za angani za leo, raha yake ukiwa mpenzi wa reli ni kwamba unaona kabisa njia iliyokufa bado imeacha alama shambani. Ukifikisha mahariri 500 na miezi 6 na ukawa bado unahariri, kuna maktaba ya Wikipedia inakufungulia majarida ya kulipia bila kulipa.

Gazeti lisome vizuri. Gazeti la Ijumaa linalosema "reli itafunguliwa Jumatatu" sio ushahidi kwamba ilifunguliwa Jumatatu. Ni ushahidi wa tangazo. Mvua ilinyesha, daraja likatitia, waziri hakufika, wakaahirisha. Tafuta gazeti la wiki inayofuata uone walisema nini baada ya tukio. Ratiba hivohivo, inaonyesha treni iliyopangwa, haikwambii kama ilitembea. Na ukitafuta kwa maneno kwenye magazeti yaliyoskaniwa usinakili yale maandishi yaliyotolewa na kompyuta, fungua picha ya ukurasa wenyewe, maana 3 na 8 kwenye wino uliofifia kompyuta inazichanganya na 1883 inageuka 1888 mbele ya macho yako.

Mtego mwingine ni duara. Unakuta Wikipedia inasema jambo bila rejeo, unatafuta mtandaoni unakuta tovuti moja inasema hivohivo, unaiweka kama rejeo. Kumbe hiyo tovuti ilinakili kutoka Wikipedia. Fungua historia ya makala uone sentensi iliingia mwaka gani, alafu angalia tovuti ilichapisha lini. Kama tovuti imekuja baadaye na maneno yanafanana, achana nayo.

Alafu kuna yale unayoyajua mwenyewe. Mzee wako alikuwa fundi wa injini, wewe umetembea juu ya mataruma (yale magogo yanayoshikilia vyuma vya reli) ya njia iliyokufa, umehesabu nguzo za daraja. Yote hayo ni mali, ila hayaingii kwenye makala kwa sababu hakuna anayeweza kuyahakiki. Usiyatupe lakini. Jarida la historia la eneo husika, gazeti, mradi wa chuo unaokusanya simulizi za wafanyakazi wa reli, peleka huko, yakichapishwa na wahariri wakayapitia ndo mtu mwingine anaweza kuyanukuu. Na ukiona kosa ambalo unalijua kwa macho yako na huna chanzo, andika kwenye ukurasa wa majadiliano, sema wazi "nimefika, daraja lina matao 7 sio 5, kuna mwenye kitabu?" Utashangaa, miezi inapita alafu mtu wa nchi nyingine kabisa anakuja na kitabu.

Kama unajitolea kwenye reli iliyohifadhiwa au ni mwanachama wa chama chake, sema hivo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, na habari zake peleka kwenye majadiliano uombe mwingine aziweke. Usiandike tu "ni moja ya safari nzuri zaidi duniani", hiyo ni lugha ya kipeperushi.

Sasa hili nalisema kwa moyo wote. Makala nyingi za reli zinajua jina la kila mhandisi na aina ya kila injini, na waliobeba mataruma kichwani hawana hata sentensi. Reli ya Uganda ilijengwa na wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ya Congo-Océan, Pointe-Noire hadi Brazzaville, 1921 hadi 1934, idadi inayotajwa sana ni vifo visivyopungua 17,000. Kuna Wanandi waliopinga reli kupita kwenye ardhi yao miaka kadhaa mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa 1905. Hayo ni historia ya reli sawasawa na uzito wa injini, na vyanzo vipo, yaweke. Ila yaweke kwa utulivu. Usiandike "ukatili wa kutisha", andika namba, sema nani kaitoa, na kama wanahistoria wanatofautiana waweke wote wawili kwa majina. Msomaji akiona 17,000 hahitaji umwambie ajisikieje.

Namba zikigongana mfano mzuri ni wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa Reli ya Uganda 1898. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alitaja kwanza wafanyakazi 28 wa Kihindi pamoja na Waafrika ambao hawakuhesabiwa, miaka ya baadaye akasema 135, na utafiti wa kemia ya nywele na mifupa ya simba hao uliotoka 2009 ukakadiria karibu watu 35. Mhariri mbaya anachagua 135 kwa sababu inatisha. Mhariri mzuri anaandika zote tatu kwa mpangilio wa wakati, kila moja na mwenyewe na mwaka wake, na anaacha hapo. Na hiyo ya kwamba Waafrika hawakuhesabiwa usiiruke, ndo sehemu inayoeleza kwanini hatutapata namba kamili.

Picha kwa ufupi. Zinapandishwa Wikimedia Commons, hifadhi ya picha ambayo Wikipedia za lugha zote zinaitumia, na uliyoipiga mwenyewe ndo salama zaidi, jengo la stesheni, kibao, daraja (usisimame relini kutafuta pozi la picha, hata njia inayoonekana imekufa). Picha ya zamani uliyoiokota mtandaoni sio ya bure kwa sababu tu ni nyeusi na nyeupe. Nchi nyingi zinahesabu miaka 70 tangu mpiga picha afe, Marekani kwa kazi nyingi za zamani ni 95 tangu ichapishwe. Hujui nani kaipiga na lini, iache.

Ramani ya njia, ile michoro ya pembeni yenye nukta za stesheni, inatisha ila ukielewa alama zake unaifurahia. Zimefupishwa kutoka Kijerumani, STR ni njia iliyonyooka, BHF ni stesheni, HST ni kituo kidogo, na ukiweka "ex" mbele inakuwa iliyofungwa, exSTR, exBHF. Nakili mchoro wa reli nyingine kwenye ukurasa wako wa majaribio, badilisha mstari mmoja mmoja ukiangalia matokeo, ikikaa sawa ndo uhamishie kwenye makala.

Watakurudishia hariri zako, hilo halikwepeki. Ukirudishiwa usirudishe papo hapo. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza ukirudisha zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja unafungiwa hata kama uko sahihi, na hata kabla ya kufika 3 unaweza kuonekana mgomvi. Nenda majadiliano uandike kwa heshima, kitu kama: "Habari ndugu, naona umerudisha 1832. Kitabu nilichotumia ukurasa wa 84 kinasema treni zilianza 1836, nadhani 1832 ni mwaka wa sheria. Unaonaje tukiandika yote mawili?" Mpe siku kadhaa. Wengi wa hawa watu wanapenda reli kama wewe, na ukimwonyesha ukurasa anageuka kuwa mwenzako, kesho yeye ndo anakutafutia skani ya jarida ambalo huna.

Kwa wanaoleta makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili kutoka lugha nyingine, inaruhusiwa na inahitajika sana, ila taja kwenye muhtasari kwamba umetafsiri kutoka makala gani ya lugha gani, leseni inataka hivo. Usimwage kitu kilichotoka kwenye mashine bila kukipitia, "sleeper", yaani taruma, inageuka mtu anayelala na makala nzima inakuwa aibu. Hatari zaidi ni matini ya akili mnemba, inaandika vizuri na inakupa na marejeo, unayafuatilia unakuta kitabu hakipo wala mwandishi hayupo. Rejeo ambalo hujalifungua mwenyewe usiliweke, hata kama lilikuwa kwenye makala ya Kiingereza, fungua kwanza uone kama kweli linasema hicho kilichoandikwa. Makala fupi ya aya mbili yenye marejeo matatu ya kweli ni bora kuliko ndefu ya tafsiri isiyojulikana imetoka wapi. Ukimaliza weka jamii zake chini, yaani makundi ambayo makala imo, jamii ya reli ya nchi husika na nyinginezo, na iunganishe na lugha nyingine kupitia Wikidata, hifadhidata inayounganisha makala za lugha zote, ili anayesoma Kijerumani au Kihindi aione ya Kiswahili pembeni. Kabla ya kuunganisha hakikisha unaunganisha njia na njia, kampuni na kampuni, maana kwenye Wikidata hivi ni vitu tofauti na ukikosea pale kosa linasambaa kwenye lugha zote kwa mpigo.

Alafu bonyeza ile nyota juu ya ukurasa makala iingie kwenye orodha yako ya maangalizi, na kila ukitumia rejeo la mtandaoni lihifadhi kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, siku hiyohiyo uweke na linki ya nakala, kwa sababu tovuti za reli nyingi zinategemea mtu mmoja anayelipia seva, na akiacha kulipa zinaondoka na kila kitu.